UZI: Wanamuziki waliokufa, ngoma zao tunazicheza kila siku ila majina hatuyajui. Tuwataje hapa

#1 Besi ya Nyuma (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila akifa mwanamuziki mkubwa mitandao inajaa mishumaa na picha nyeusi na nyeupe, sawa, sina ugomvi na hilo. Ila mimi tangu nianze kushika gitaa la besi kuna kidonda hakiponi. Ukisikia wimbo kichwa kikaanza kutikisika chenyewe, mara nyingi anayekutikisa sio mwimbaji, ni jamaa mmoja kakaa nyuma huko na jina lake hata kwenye jalada la santuri halipo, na siku akifa anazikwa kimya kimya kama hakuwahi kupiga hata noti moja. Kwa hiyo tuelewane mapema, huu sio uzi wa masupastaa. Mtu akija kumtaja Michael Jackson hapa namuomba arudi alikotoka taratibu.

Naanza na wa kwangu, James Jamerson. Huyu kazaliwa 1936 South Carolina huko Marekani, akahamia Detroit bado kijana, akaja kuwa mpiga besi wa studio ya Motown. Zile nyimbo za Motown za miaka ya 60 ambazo hata mtoto wa juzi anazijua, besi nyingi mle ndani ni mkono wake. Na nikisema mkono nakosea, ni kidole. Kidole kimoja tu cha shahada cha mkono wa kulia, ndo kilikuwa kinafanya kazi yote, wenzake wakakipa jina, ndoano. Nyuzi za gitaa lake habadilishi, anasubiri mpaka ukatike, anasema uchafu ndo unaleta utamu. Mimi nimejaribu hiyo mambo ya kidole kimoja wiki nzima, nilichopata ni malengelenge.

Sasa kwa miaka yote hiyo albamu zinatoka bila majina ya wapigaji. Mpaka 1971 kwenye ile albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ndo wapigaji wakaandikwa. Na inasimuliwa kwamba siku ya kurekodi wimbo wenyewe walienda kumtoa baa, hawezi hata kukaa kwenye kiti, akapiga kalala chali sakafuni. Kausikilizeni ule wimbo afu mje mniambie kama ni mtu aliyelala.

Kinachoniuma ni hiki. Machi 1983 Motown wanafanya sherehe ya miaka 25, sherehe ya televisheni, ndo usiku ule Michael Jackson (haya nimemtaja mwenyewe) alioteleza kinyumenyume dunia ikapagawa. Jamerson hakuwa jukwaani. Alinunua tiketi kwa mlanguzi kama mtu baki akakaa viti vya nyuma huko anaangalia watu wanasherehekea nyimbo alizozibeba kwa kidole chake. Agosti 2 mwaka huohuo akafariki, ana miaka 47. Hata gitaa lake alikuwa kaibiwa siku chache kabla.

Haya wadau, leteni wa kwenu.

#2 Sina Baya

Mkuu uzi mzuri ila tuseme ukweli bila kupepesa macho. Watu wananunua sauti. Mpiga besi ukimtoa unaweka mwingine, nani atajua? Mimi miaka yote nasikiliza muziki na sijawahi hata siku moja kusikia besi, nasikia mtu anaimba. Mpishi wa harusi naye tumuandike jina kwenye kadi?

#3 Besi ya Nyuma

@Sina Baya chakula cha harusi kikiwa kibaya utamtafuta mpishi kwa jina na kwa ukoo wake. Tulia hapo utaelewa tu.

#4 Mzee wa Santuri

Vijana hamjambo. Nimefurahi kuona kuna mtu anakumbuka wapigaji.

Mimi naleta wa karibu zaidi. Siti binti Saad mnamjua wote, na kama humjui basi Shaaban Robert alikwishamaliza kazi hiyo kwa kuandika wasifu wake. Mwaka 1928 walisafiri kwa meli mpaka Bombay kurekodi santuri. Sasa niulize, mnaposema Siti alikwenda Bombay mnadhani alikwenda peke yake akaimba hewani? Alikuwa na watu wake, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruk, huyu Mbaruk alikuwa kipofu. Hawa ndio waliotoka na yule mama kwenye baraza za watu mpaka kwenye studio ya kampuni ya Wazungu kule India. Leo Siti ana jina lake, na anastahili tena sana, lakini muulize mtu yeyote amtajie mmoja tu katika wale wanaume waliokaa pembeni yake, atakutumbulia macho.

Na kuna jambo lingine vijana. Siku hizo mpigaji wa udi au fidla hakuwa anafuata tu, alikuwa anazungumza na mwimbaji. Mwimbaji akimaliza ubeti anamwachia nafasi, naye anajibu. Sikilizeni santuri zile kuukuu, hata ikikwaruza kama mchanga kwenye sufuria, utasikia majibizano. Sasa mtu aliyejibizana na Siti binti Saad huwezi kumwita msindikizaji bwana.

#5 Fundi Loop

Shikamoo @Mzee wa Santuri, hapo kwenye kujibizana umenigusa.

Mimi nikiwa natengeneza biti za kompyuta naomba niwaletee jamaa ambaye nina deni lake, na sio mimi tu, kila mtu anayetengeneza biti ana deni lake.

Gregory Coleman. Mpiga dramu wa bendi moja ya Marekani inaitwa The Winstons. 1969 walitoa santuri, upande wa kwanza kuna wimbo ulipendwa sana mpaka ukapata Grammy, na upande wa pili, ule wa kujazia tu, wakaweka wimbo usio na maneno unaitwa Amen, Brother. Katikati ya huo wimbo wenzake wote wananyamaza, Coleman anabaki na dramu peke yake, mizunguko minne, sekunde sita saba hivi, basi, wenzake wanarudi.

Hizo sekunde zimekatwa zikatumika kwenye maelfu ya nyimbo. Hip hop wakazibeba, kundi la N.W.A wamo, Waingereza ndo wakazichukua wakaziongeza spidi wakazaa jungle na drum and bass, yaani aina nzima ya muziki imetoka kwenye jasho la mtu mmoja la sekunde saba. Na sio kwamba alipiga kitu cha ajabu sana, hapana, mizunguko miwili ya kwanza kakaa kwenye mstari vizuri tu. Wa tatu ukifika ile dramu ya kati anaichelewesha kidogo, yaani unaisubiri haiji, ikija mguu wako umeshakosea. Wa nne anaacha tundu mwanzoni kabisa, halafu mwishoni anapasua tasa. Hilo tundu ndo kila kitu. Nimekaa usiku mzima najaribu kulipanga kwenye kompyuta, ukilisogeza hata kidogo linakufa.

Coleman alifariki 2006 Atlanta, hana makazi, hana hela. Mrabaha hakupata hata senti. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, aliwahi kusema inawezekana mwenzake alikufa hata hajui kwamba dunia nzima inacheza dramu zake. Spencer mwenyewe hakupata kitu mpaka 2015 mashabiki walipochangishana mtandaoni wakampa pauni elfu ishirini na kitu. Coleman alikuwa keshaoza zamani.

#6 Fundi Loop

Nimesahau, na pacha wake ni Clyde Stubblefield, dramu wa James Brown. Ile Funky Drummer iliyorekodiwa 1969 Cincinnati imekatwa karibu sawa na ya Coleman. Mtunzi kwenye karatasi ni James Brown, kwa hiyo aliyepiga hapati kitu. Kafariki 2017. Alipougua saratani kuna mtu alimlipia bili za hospitali kimyakimya na ikaja kujulikana baada ya mlipaji mwenyewe kufa, alikuwa Prince. Namheshimu Prince kwa hilo kuliko hata kwa nyimbo zake.

#7 Sina Baya

Sekunde saba unataka ulipwe maisha yote? Mimi nikipigilia msumari mmoja kwenye nyumba nadai kodi?

#8 Fundi Loop

Kama huo msumari wameuiga wakajengea nyumba elfu, ndio bro, dai.

#9 Nyota ya Magharibi

Niaje watu wangu. Hapa kwetu Kenya mimi namtaja George Mukabi. Wale wazee wa Uluhya wanamjua, mtindo wa omutibo, gitaa kavu la vidole, na pembeni chupa ya soda inachapwa. Hiyo chupa msiichukulie poa, ni ngoma kamili, ina mikwaruzo yake kwa kiuno na ikigongwa na chuma inatoa sauti inaingia katikati ya nyuzi mpaka unashindwa kujua kipi kinaendesha kipi. Sengula Nakupenda ndio wimbo wake watu wanakumbuka zaidi, na wengi wakiimba hawajui ni wa nani. Aliuawa 1963, mwaka uleule nchi inapata uhuru, bado kijana kabisa. Ukisikia benga na twist zilizofuata kuna ujuzi mwingi wa vidole umetoka kwa akina Mukabi, ila kwenye vitabu vya shule huyo mtu hayuko ata.

Wa pili ni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Huyu hadithi yake inajulikana kidogo lakini acha niirudie maana inanikasirisha kila mara. 1939 aliingia studio Johannesburg na kikundi chake Evening Birds wakarekodi Mbube. Wakarudia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenye hiyo ya tatu mwishoni mwishoni akabuni palepale kwa mdomo ile sauti ya juu ambayo Wamarekani baadaye waliivisha maneno ya simba kulala. Hiyo sauti yaani hujawahi kuisikia? Umeisikia. Umeisikia kwa kikundi cha Tokens 1961, umeisikia kwa katuni ya simba 1994. Haki zote aliuza shilingi kumi. Akaendelea kufanya kazi za kufagia na kufunga mizigo kwa kampuni ileile iliyomrekodi! Alikufa 1962 kwa figo, na mjane wake alikaa miaka mingi bila pesa ya kumwekea jiwe kaburini. Familia ilikuja kulipwa 2006 baada ya kesi, miaka 44 tangu afe.

#10 Kiti cha Mbele

Haya mimi naongeza Mbaraka Mwinshehe. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, gitaa lile la Morogoro Jazz halijapata mrithi mpaka leo. Na Franco pia.

#11 Besi ya Nyuma

@Kiti cha Mbele nakuheshimu ila hapana. Mbaraka redio zinampiga kila Jumapili, Franco alipokufa 1989 Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo. Hao wameagwa. Hapa tunatafuta walioagwa na familia tu.

#12 Kiti cha Mbele

Basi kama ni hivyo nakuletea mdogo mdogo. Dr Nico unamjua, solo la bendi ya African Jazz ya Kongo, mungu wa gitaa. Haya, kaka yake je? Charles Mwamba, wakimwita Déchaud. Huyu ndo alikuwa anapiga rhythm chini ya lile solo. Walikwenda wote Brussels 1960 na kiongozi wa bendi, Grand Kallé, wakati wanasiasa wa Kongo wako kwenye meza wanajadili uhuru hawa wako pembeni wanapiga Indépendance Cha Cha. Bara zima likaucheza ule wimbo. Kila mtu anasema "solo la Nico", hakuna anayesema rhythm ya Déchaud, na mimi naapa ukiondoa ile rhythm lile solo linaanguka kama nguo iliyotolewa kamba.

Umeridhika?

#13 Besi ya Nyuma

Nimeridhika mkuu, tena hiyo ya kamba naiiba.

#14 binti_kanda

Wanaume mmejazana humu mnatajana wenyewe kwa wenyewe tu, Siti mwenyewe mmemtaja ili mumpitie mfike kwa wapigaji wake 😂

Naleta mwanamke. Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant, Arkansas, 1915. Huyu mama alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kashika gitaa la umeme, analikoroga kweli kweli, kabla ya hao mnaowaita wafalme wa rock and roll hawajajua hata kukaza nyuzi zake. Little Richard na Johnny Cash wote walikiri wametoka kwake. Kuna video ya 1964 Manchester, Uingereza, nendeni mkaitafute, wamemweka kwenye stesheni ya treni iliyofungwa, watazamaji wako jukwaa la upande wa pili wa reli, mvua imenyesha, yeye kashuka na koti lake zito kama mama anayetoka ibada ya pili, anapewa gitaa, anajaribu nyuzi mbili tatu, afu anaachia. Nilivyoiona mara ya kwanza nilirudisha nyuma kuangalia vidole nikidhani kuna mtu mwingine anapiga nyuma ya pazia. Hakuna pazia.

Mwisho wake sasa. Kisukari, akakatwa mguu, akafariki 1973 Philadelphia, akazikwa na kaburi likakaa bila jina zaidi ya miaka 30. Jiwe limekuja kuwekwa baadaye sana, kwa hela za tamasha la kuchangisha. Na kwenye ule ukumbi wao wa heshima wa rock and roll wakamwingiza 2018! Watoto wake kimuziki kama Little Richard waliingia miaka ya 80 huko.

#15 Mzee wa Santuri

Binti umesema kweli na umetufunga midomo. Nakubali kosa.

#16 Mtoto wa Rhythm

Mimi si mwandikaji, huwa nasoma tu nyuzi na kupita ila huu umenishika.

Baba yangu alikuwa mpiga rhythm. Bendi siitaji na studio siitaji kwa sababu baadhi ya watu bado wako hai na sitaki maneno. Alipiga kwenye nyimbo ambazo ninyi wengine mmezicheza harusini, nina uhakika. Nikiwa mdogo ikipigwa moja redioni alikuwa hasemi kitu, anaacha alichokuwa anafanya, mkono wa kushoto unaanza kutembea kwenye paja lake, vidole vinabonyeza akordi kwenye suruali. Wimbo ukiisha anaendelea na alichokuwa anafanya. Mama anajua, anamwangalia tu anacheka kimoyomoyo.

Kanda ilipotoka jalada lilikuwa na picha ya mwimbaji na jina la mwenye studio, imetosha. Malipo yalikuwa ya siku moja ya kurekodi, amekwisha. Alipofariki nikasema nimwandikie kwenye ile karatasi ya ratiba ya mazishi "mwanamuziki", ndugu mmoja akaniuliza, mwanamuziki wa wapi, sisi tunamjua fundi saa. Na kweli saa ndizo zilizotusomesha. Nilibaki nimeshika kalamu. Nikaandika fundi saa na mwanamuziki, na yule ndugu mpaka leo anadhani nilimkuza marehemu.

#17 Nyota ya Magharibi

Pole sana ndugu. Hapo kwa vidole kwenye suruali nimesimama kusoma.

#18 Fundi Loop

Pole mkuu. Mungu amrehemu mzee wetu.

#19 Kiti cha Mbele

Tupunguze huzuni kidogo. Raphael Ravenscroft, lile saksofoni la Baker Street ya 1978, ule wimbo ambao hakuna mtu anayekumbuka maneno yake lakini saksofoni kila mtu anaiigiza kwa mdomo. Mwenyewe alisimulia kwamba alilipwa hundi ya pauni 27, na hundi yenyewe ilikataliwa benki, akaenda kuitundika ukutani kwa mwanasheria wake. Tena alikuwa akiisikia inamkera, anasema iko nje ya tyuni kidogo. Kafariki 2014.

#20 binti_kanda

Hundi ya pauni 27 na bado iligonga mwamba 😭😭

#21 Sina Baya

Sasa mimi nauliza swali la kweli sio ubishi. Wale waliopata umaarufu baada ya kufa mnawaweka kundi gani? Kama Nick Drake, kafa 1974 ana miaka 26, albamu tatu hakuna aliyenunua, tangazo la gari likamfufua miaka 25 baadaye. Na Eva Cassidy, saratani ya ngozi ilimchukua 1996 akiwa na 33, redio ya Uingereza ikampiga, 2001 albamu ikashika namba moja. Hao si wamethaminiwa?

#22 Besi ya Nyuma

Swali zuri, naona umeanza kuiva. Kwa mtazamo wangu marehemu hasikii makofi. Waliothaminiwa ni wenye haki za zile kanda. Lakini angalau jina limepatikana, Jamerson naye kaingizwa kwenye ule ukumbi 2000, kwa hiyo nawaweka nusu nusu.

#23 Mzee wa Santuri

Kwa swali hilo nami ninaye mmoja, nimalize nikalale. Blind Willie Johnson, Mmarekani mweusi, kipofu, akiimba nyimbo za Mungu barabarani Texas. Desemba 1927 alirekodi kipande kimoja, hamna maneno ndani yake, ananung'unika tu na gitaa la kutelezesha linamfuata kama kivuli. 1945 nyumba yake iliungua, na mkewe alisimulia kwamba hawakuwa na pa kwenda, wakarudi kulala palepale kwenye majivu, juu ya matandiko yaliyolowa maji wakitandika magazeti. Akaugua, akafa mwaka huohuo. Kaburi lake hasa ni lipi pale makaburini, hakuna anayeweza kulionyesha kwa kidole.

Sasa 1977 Wamarekani wakarusha vyombo viwili kwenda angani, Voyager, wakaweka sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia ikiwa viumbe wengine wataikuta. Kile kipande cha kunung'unika kimo. Kimeshatoka nje ya eneo linalofikiwa na upepo wa jua letu. Mtu aliyekosa godoro kavu.

#24 Nyota ya Magharibi

Mzee sasa hapo nitalala aje.

#25 Sina Baya

Wakuu nimerudi. Sitaki mtu anicheke.

Jana usiku nimevaa hedifoni nikaweka ile What's Going On. Mara ya kwanza kama kawaida nasikia mtu anaimba. Ya pili nikajilazimisha nisikilize chini. Kuna kitu kinatembea huko chini. Hakifuati mwimbaji, kinazunguka kivyake, kinapanda, kinasimama kama kimesahau kitu, kinarudi. Ya tatu nikaanza kukingojea. Ya nne na ya tano sikumbuki mwimbaji alisema nini, kabisa yaani, na nilikuwa natakiwa kuamka saa kumi na moja.

@Besi ya Nyuma nikuulize. Kidole kimoja kweli? Au hiyo ni chai?

#26 Besi ya Nyuma

Kimoja.

#27 Sina Baya

Toba.